Upepo wa Magharibi na Kizibo cha Ndiva

Shikamoo zenu zimefika, marahaba. Ila nyie vijana mkiona mama wa makamo anayeburuta mguu anaanza habari za kazi, mnajiandaa kuambiwa muwaheshimu wakubwa. Mimi siwaambii hivyo. Niliwaheshimu wakubwa mpaka mdogo wangu akazikwa, na hao wakubwa ndio walioshika sepetu mstari wa mbele pale kaburini.

Majina yao nitayataja. Watu wameniomba nisiyataje. Wanasema ukoo ni mmoja na aibu ni moja. Sawa, basi waigawane.

Nilikuwa mfanyakazi wa kituo kidogo cha hali ya hewa pale Same mjini. Elimu yangu ni darasa la saba. Kazini niliingia na panga, maana kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufyeka nyasi ndani ya uzio wa vipimo. Pale nyasi hazitakiwi kurefuka. Zikirefuka zinakinga matone yasifike kwenye kipimamvua, na zinapoza hewa ya chini mpaka kipimajoto kinadanganya, halafu Same nzima inaandikwa kuwa na ubaridi ambao hakuna mtu aliyeuona. Kutoka kufyeka nikafundishwa kusoma kipimamvua. Kutoka hapo nikaitwa ndani kushikilia karatasi dirishani, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Aliyeniita ni mtabiri wetu, Mzee Hamadi, mtu wa Hedaru, mwenye utani mwingi na chai nyingi. Akifika ofisini alivua kofia yake akaifunika kikombe nzi wasiingie, kwa hiyo ukimkuta kichwa wazi ujue chai ipo. Enzi zile ramani za anga ya juu zilikuwa zinatufikia zikiwa na mishale tu, kila mahali palipopimwa na mshale wake, na yeye anachora mistari kwa penseli kuufuata upepo. Mimi nasimama nyuma yake naangalia. Nilidhani ni barabara. Siku moja akanipima, upepo huu unatoka wapi unakwenda wapi. Nikajibu kwa kujiamini kwamba unatoka Kongo unakwenda Mombasa. Akaniuliza manyoya ya mshale yanakaa mbele au nyuma. Nikasema nyuma.

"Basi kwa nini unataka mshale uruke umetanguliza matako?"

Ofisi nzima ilicheka, na mimi toka siku hiyo sijakosea tena. Manyoya yapo kule upepo unakotoka. Yakiwa machache upepo ni wa kawaida, yakiwa mengi ni mkali. Na mahali penye kiduara kitupu, bila mshale, hapo hewa imelala. Hicho kiduara kishikeni, tutakirudia.

Sasa wanaotaka kujifunza wasogee, wengine mnaweza kuosha vyombo. Ramani ya anga ya juu si moja. Ni kama nyumba ya ghorofa, kila ghorofa ina upepo wake, na wapangaji wake hawasalimiani. Ghorofa ya chini tuliiita mia nane hamsini, kwa kipimo chake cha mgandamizo wa hewa. Urefu wake kutoka usawa wa bahari ni karibu sawa na kwetu Suji. Mzee Hamadi alikuwa ananiambia, "Hii inapita kwenye migomba ya mama yako," na kweli inapita. Ya kati ni mia saba, hiyo inaruka juu kidogo ya kilele cha Shengena. Ya juu kabisa ni mia mbili, kule zinakopita ndege kubwa zinazoacha mstari mweupe.

Ukisoma moja peke yake, umekwisha. Mzee Hamadi alichukua ramani ya chini, akaiwekea ya juu mgongoni, akazibandika zote mbili kwenye kioo cha dirisha linalotazama mashariki, jua la asubuhi likapenya. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika pembe. Tulikuwa tunatafuta mahali ambapo mistari ya chini inakutana na kubanana, na palepale juu yake mistari ya mia mbili inafunguka na kutawanyika. Aliniambia nifikirie jiko la kuni. Hewa inaingia mlangoni, moshi unatoka juu ya paa. Mlango ukiwa wazi na juu kumezibwa, jiko linafuka tu linakutoa machozi, haliwaki. Juu kukiwa wazi na mlango wazi, moto unanguruma. Basi na mvua kubwa ni hivyohivyo. Chini wanaingia, juu wanatoka, na katikati ndipo penye moto.

Halafu tunakwenda mia saba kuuliza habari mbili. Kwanza, hewa ya pale ni mbichi au kavu? Ikiwa kavu wingu linakatwa kichwa. Pili, upepo wa pale una mbio gani, maana huo ndio unaolisukuma wingu kuondoka. Ukikuta kile kiduara kitupu, ujue mvua ikifika haitaondoka. Itakaa kama mgeni aliyeona makande yako yapo jikoni.

Siku hizi hamshiki pembe za karatasi. Mnayo kwenye simu, mistari yenyewe inatembea, imepakwa rangi kama kitenge. Siwalaumu. Ila naona vijana wanatazama rangi tu. Nyekundu, wanapiga kelele. Kijani, wanalala. Rangi ni maoni ya kompyuta. Tafuteni mshale kwanza, na mtazame manyoya.

Hayo yote nimeyasema ili mwelewe jambo moja la kwetu, na msipolielewa hamtaelewa mdogo wangu alikufa kwa nini.

Milima ya Upare ina mgongo na ina tumbo. Upepo wetu wa kila siku unatoka baharini, mashariki, unagonga upande wa Gonja na Mamba, mvua inamwagikia huko. Sisi wa Suji tunaotazama Makanya tunapata mabaki. Tunasikia ngurumo nyuma ya mlima, tunasema wenzetu wanapata, halafu tunarudi kuangalia ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa la mkono, limejengwa kwa mawe na udongo mtelemkoni. Linajazwa na kijito, lina tundu chini ya ukuta, tundu limezibwa kwa gogo lililokazwa na magome ya mgomba na udongo wa mfinyanzi. Hicho ndicho kizibo. Mwenye zamu anapiga pembe, watu wa chini wasikie, kizibo kinavutwa, maji yanakwenda kwenye shamba lake. Ndiva ni ya ukoo. Ikijaa tope tunaitwa msaragambo, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyetoka anatozwa. Ni utaratibu mzuri, babu zetu waliishi kwa huo. Mimi sigombani na ndiva.

Nagombana na Elifuraha.

Elifuraha ni baba yangu mdogo, mdogo wake marehemu baba. Ndiye mkuu wa ndiva yetu. Na ugomvi wake na mimi ulianza kwenye harusi ya binti yake. Alinipigia simu kuuliza hali ya hewa ya siku ile. Nikamuuliza Mzee Hamadi, naye akatazama, akasema mvua inaweza kunyesha alasiri. Nikampa baba mdogo neno lilelile, inaweza. Yeye akasikia itanyesha. Akahamisha harusi kutoka uwanjani kwake kuipeleka kwenye madarasa ya shule, pilau, kwaya, wageni wa kutoka Moshi na suti zao. Basi siku ile jua liliwaka mpaka keki ikainama. Wageni walitoka jasho, mchungaji akafuta miwani hata akachoka. Toka hapo jina langu kule mlimani likawa Mama Inaweza. Nikipanda kusalimia, watoto wanaulizwa, "Mama Inaweza amewaletea nini?" Nilicheka nao. Utani ni utani. Sikujua kwamba siku moja utaua mtu.

Mzee Hamadi alistaafu, akaja kijana anaitwa Deo, msomi, mpole, anayeniita mama. Nasema hili mapema kwa sababu kuna watu wanapenda kusimulia kwamba mimi wa la saba niliona ambacho msomi hakuona. Uongo. Deo aliona yote, tena kabla yangu, na mengine alinionyesha yeye.

Ilikuwa masika iliyochelewa. Kule juu maharage yalikuwa yamekunjika majani. Asubuhi hiyo nilimkuta Deo amesimama mbele ya kompyuta, hakai. Akanionyesha mia nane hamsini. Manyoya yote yalikuwa yamegeuka. Kuna kimbunga kilikuwa baharini huko karibu na Madagaska, mbali kabisa na sisi, lakini kimbunga kinavuta kama mtu anayenyonya mrija. Kilikuwa kimeuvuta upepo wa Kongo wenye unyevu wake wote, umevuka Ziwa, umevuka Singida, unakuja kwetu kutoka magharibi. Umetazama tumbo la mlima badala ya mgongo. Nikamwomba afungue mia mbili. Mistari ilikuwa imefunguka kama mkeka. Mwenyewe akafungua mia saba bila kuambiwa. Hewa mbichi, na juu ya Same, kiduara kitupu.

Deo akavuta kiti, akakaa. Halafu akasema, "Mama, leo siandiki inaweza."

Na hakuandika. Tahadhari ilitoka asubuhi ileile, imeandikwa waziwazi: mvua kubwa kuanzia alasiri, miteremko ya magharibi ya milima, wanaokaa chini ya mabwawa na kando ya mikondo wahame. Ikashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye simu ya Yusto, mwenyekiti wa kitongoji chetu. Huyo ni wa pili kwenye majina yangu. Yusto aliisoma. Alikwisha kuisoma mimi nikiwa bado najipanga kuomba ruhusa ya kupanda nyumbani. Akachukua kipaza sauti chake, akapanda kwenye kichuguu karibu na duka, akatangaza kwamba wataalamu wanasema kuna mvua kubwa milimani, wenzetu wa Gonja na Mamba wajihadhari, sisi tuwaombee.

Nilimuuliza baadaye, nikiwa kitandani hospitalini. Nilimuuliza kwa nini hukusoma neno magharibi. Akanijibu bila haya, "Dada Namkunda, magharibi si ndiyo sisi? Nikajua mmekosea kuandika, nikawarekebishia."

Alitusaidia.

Mimi Deo aliniruhusu, nikashuka Makanya, nikachukua bodaboda kupanda. Mbingu ilikuwa nyeupe, joto la kubana. Nimepanda njia ile maisha yangu yote na kila mara kwenye kona ya juu unapata upepo wa ubaridi kutoka mlimani. Siku hiyo kona ile haikuwa na kitu. Hewa imesimama. Dereva akasema leo kuna jua la mvua. Nikamwambia geuza ukinishusha, usingoje abiria.

Nyumba ya mama yetu ilikuwa chini ya ndiva, mkono wa kulia wa mfereji, pamoja na nyumba nyingine za ukoo. Sikuingia kwake kwanza. Nilipanda moja kwa moja ndivani. Nilimkuta Elifuraha amekaa juu ya ukuta, fimbo magotini. Mdogo wangu Ombeni alikuwa chini anasafisha mfereji kwa jembe, kwa sababu kesho yake ilikuwa zamu ya baba mdogo na wapwa na watoto wa kaka ndio wanaofanya kazi.

Ndiva ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Sijawahi kuiona hivyo. Kwenye ukuta kuna mahali pa chini palipoachwa makusudi, maji yakizidi yapite pale yaende korongoni bila kubomoa. Pale Elifuraha alikuwa amepaziba kwa viroba vya udongo, apate kina cha nyongeza kwa ajili ya maharage yake. Hilo nalisema kwa sauti kwa sababu kwenye kikao kilichokaa baadaye halikusemwa. Viroba vile havikuwekwa na Mungu.

Nikapiga goti, nikamwamkia. Akaitikia. Halafu akamwambia Ombeni, "Mama Inaweza huyo amefika. Kaanike nguo."

Ombeni alicheka, ni mtu wa kucheka. Mimi nikasema, baba, leo sio inaweza. Nikamweleza upepo umegeuka, nikamwonyesha simu. Hakuitazama. Nikamwomba avute kizibo maji yapungue, kama hataki, basi atoe viroba tu.

"Maji ya siku mbili niyamwage kwa sababu ya simu?"

"Sio simu baba, ni upepo."

"Upepo wa wapi?"

"Wa magharibi."

Akainua fimbo, akainyoosha kuelekea Makanya, lami ile chini, mkonge, halafu nyika ya Simanjiro mpaka macho yanaishia. Akasema toka azaliwe hajaona kule kukitoka kitu isipokuwa vumbi na ng'ombe. Nikamwambia nitavuta mwenyewe. Hapo ndipo alipokasirika kweli, akasimama.

"Mwanamke hashiki kizibo. Na mwanamume asiye na zamu hashiki. Sheria hiyo sikuitunga mimi, wametunga waliokuzaa. Ukikigusa utalipa mbuzi na ndiva itakuwa na mkosi. Nenda kamsalimie mama yako."

Nikasema ndiyo baba. Mnasikia? Nikasema ndiyo baba, nikageuka. Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo na nyie mnavyolelewa.

Mama nilimkuta anachambua mchicha. Nilimwambia tunahama kwa muda, tunakwenda kwa jirani kule juu ya kilima. Akaniuliza kuku atamwachia nani. Nikakamata kuku. Akaniuliza na sufuria ya makande jikoni, bado hayajaiva. Nikabeba sufuria na moto wake. Tulipanda hivyo, mama na kuku kwapani, mimi na makande kichwani, na kila mlango tuliopita niliwaambia watoke. Waliniuliza Yusto si amesema Gonja? Wengine walicheka. Mmoja akauliza keki iko wapi.

Nilipomwacha mama nikageuka kutazama, nyika ilikuwa haionekani. Ukuta wa vumbi mwekundu ulikuwa umesimama kuanzia Makanya, na juu yake weusi usio na mwisho. Halafu ule upepo ukanipiga usoni. Usoni, nikiwa nimetazama magharibi. Nina miaka yangu yote mlimani pale na upepo wa mvua haujawahi kunipiga usoni nikiwa nimesimama upande ule. Kuona kwenye ramani ni jambo moja, kupigwa nao ni jingine.

Nikakimbia kurudi ndivani. Mvua ilinikuta njiani, haikuanza kwa manyunyu, ilishuka yote. Elifuraha hakuwepo. Alikuwa amepanda kwake, nyumba yake iko juu ya ndiva, kwa hiyo yeye alikuwa salama muda wote. Ombeni alikuwepo peke yake, ameshika viroba anavivuta, lakini udongo ulikuwa umeloa, vimeshikana kama tofali. Kijito kilikuwa kimegeuka rangi. Maji yalikuwa yameanza kupita juu ya ukuta, mahali pasipotakiwa, na kila yanapopita yanaondoka na udongo. Nawaombeni mlishike hilo. Maji yalikuwa yameshapita juu ya ukuta kabla kizibo hakijaguswa. Niliyaona kwa macho haya.

Nilimwita aache, tuondoke. Akatazama chini, kule kwenye mapaa. Moshi ulikuwa unatoka kwenye jiko mojawapo, mtu alikuwa anapika.

"Dada, zamu ni ya nani?"

"Ya baba mdogo."

"Basi mbuzi nitatoa mimi."

Akachukua pembe iliyotundikwa pale kwenye kigingi, akapiga. Pembe ya ndiva haipigwi kwenye mvua, hakuna sababu ya kufungua maji wakati yanashuka ya bure. Ndiyo maana watu walitoka. Walitoka kwa hasira, wakitaka kumwona mwendawazimu anayefungua maji wakati wa mvua, na walipotoka wakaona ukuta, wakakimbia na watoto. Wapo hai mpaka leo. Wengine wao walikaa kwenye kikao, nitafika huko.

Kizibo kile kinataka wanaume wawili. Ombeni alifunga kamba kwenye gogo, ncha moja akajifunga kiunoni, ya pili akanipa mimi, nisimame ukingoni, yeye akabaki chini kwenye tundu na mtaimbo anachokoa. Nilishika kwa mikono yote miwili. Anachokoa, navuta, anachokoa, navuta. Lile wingu lilikuwa limekaa juu yetu halisogei hata hatua, na katikati ya kelele ile nilikuwa nawaza kiduara, kile kiduara kitupu cha mia saba. Kizibo kikatoka. Maji yakaruka kwenye mfereji kwa nguvu ambayo sijaiona, na ndiva ikaanza kushuka, niliona alama ya maji kwenye mawe ikishuka. Ombeni akainua mkono kunionyesha. Alikuwa anacheka.

Ukuta ulivunjikia pale juu, penye viroba. Ulikuja wote. Ukingo niliosimama ukaondoka na mimi, na jiwe likakaa juu ya mguu wangu wa kulia, na nikawa naona tope likipita upande wa kushoto, likichukua migomba, likichukua jiko la mama na choo, na nyumba ikabaki. Nyumba zote zilibaki isipokuwa mbili, na hizo mbili zilikuwa tupu. Nusu ya maji ilikuwa imeshatoka kwa njia yake. Hiyo nusu ndiyo iliyonunua nyumba zile.

Ombeni walimpata kwenye mashamba ya chini, kamba bado iko kiunoni.

Msibani Elifuraha alisimama akasema kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia amina. Mimi nililetwa kwa machela kutoka hospitali, mguu umefungwa vyuma, sikuweza hata kusimama nikampinga. Nikasema moyoni, nitakuja kusimama.

Na hayo si ya mwisho. Matanga yalipokwisha, kamati ya ndiva ilikaa. Mkuu Elifuraha, Yusto akiwa shahidi, na wale waliotolewa nyumbani kwao na pembe ya mdogo wangu wamekaa kwenye mabenchi. Wakaamua kwamba ndiva ilifunguliwa na asiye na zamu, tena kwa mkono wa mwanamke, na kwamba ukuta ulivunjika kwa kuvutwa ghafla. Faini ni mbuzi. Marehemu hadaiwi, kwa hiyo adaiwe dada yake.

Walimtuma Yusto. Alikuja mpaka Same, nikamkaribisha chai, akanywa, akasema. Alisema si kwa ubaya, ni utaratibu, ukiachwa mmoja kila mtu atafungua anavyotaka. Mama, aliyekuwa amekuja kuniuguza, alikuwa amekaa pembeni. Akaniambia kwa sauti ndogo, mpe mbuzi mwanangu, tulale. Nikamwambia Yusto, mbuzi nitanunua, lakini hatoki hapa. Elifuraha anayemtaka aje mwenyewe, anitazame, amfungue kamba kwa mkono wake.

Nilinunua beberu mweusi. Hajaja mtu. Nikaacha kazi, maana mguu huu haukai kwenye ngazi wala hausimami dirishani. Deo anapita kunisalimia, tunafungua ramani kwenye simu yake, tunabishana, ananiacha nishinde. Beberu yupo uani, amenenepa, amekuwa na ndevu kama mzee wa kanisa. Krismasi ikifika majirani wananiuliza huyu tunamfanyaje. Nawaambia huyu ni wa faini.

Ndiva imejengwa upya, palepale. Msaragambo uliitwa, vijana mlitoka wengi, nimeambiwa mlifanya kazi nzuri. Kizibo sasa ni koki ya chuma, hata mtoto anaizungusha. Nimeambiwa pia koki ina kufuli, na ufunguo anao Elifuraha, na nyumba ya mama bado iko chini, mkono wa kulia wa mfereji, kwa sababu mama hataki kuhama alipozikwa mwanawe.

Kwa hiyo nawaambia nyie, wenye simu za kupakwa rangi. Asubuhi mtazame manyoya. Yakigeuka upande wa Simanjiro, na juu kumefunguka, na mia saba mkakuta kiduara, msinipigie mimi kuniuliza, na msiende kupiga goti kwa mtu. Pigeni pembe. Chukueni nyundo, vunjeni kufuli, zungusheni koki mpaka mwisho. Mvulana azungushe, msichana azungushe, aliye karibu.

Wakija kuwatoza, waambieni faini imeshalipwa. Mbuzi yupo Same, kwa Namkunda, na kamba yake ni ileile ya Ombeni.